Michezo ya Shule Ilivyokatizwa Moiben

Mtu atokaye Eldoret kuelekea kaskazini-mashariki hupita katikati ya mashamba ya mahindi na ngano mpaka afike Moiben. Nchi hiyo ya Uasin Gishu imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi na ya baridi. Asubuhi, kabla jua halijapanda, ni jambo la kawaida kuwaona njiani watoto wa shule wakikimbia na vitabu vyao mgongoni, na watu wazima wakiwapita mbio. Mgeni hudhani kwamba wote wamechelewa mahali fulani. Lakini mwenyeji ajua kwamba katika nchi hiyo mbio si mchezo tu, bali ni kazi kama kazi nyingine, na wengi wamejenga nyumba na kununua mashamba kwa nguvu za miguu yao.

Kwa sababu hiyo, michezo ya shule haichukuliwi huko kuwa jambo la kupitisha wakati. Mzazi mwenye watoto watano na ekari chache za mahindi huitazama kama mlango. Mtoto aliye hodari uwanjani huweza kuitwa na shule kubwa na kupunguziwa karo. Akimaliza masomo, huweza kuandikwa katika Jeshi, Polisi au Magereza, ambako wanariadha hutunzwa vizuri. Wengine wamepata nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, wakasoma bila ya wazazi wao kuuza hata ng'ombe mmoja. Mlango huo ulifungwa ghafula mwezi wa Machi, 2020, ukakaa umefungwa muda mrefu kuliko watu walivyotazamia.

NGAZI YENYE VIPANDIO SITA

Ili kufahamu hasara iliyotokea, yafaa kwanza kufahamu jinsi michezo hiyo inavyopangwa. Shule za sekondari za Kenya hushindana kwa utaratibu unaofanana na ngazi. Kipandio cha kwanza ni kanda, ambapo shule jirani hukutana. Washindi huendelea mpaka kaunti ndogo, na Moiben ni mojawapo ya kaunti ndogo 6 za Uasin Gishu, pamoja na Soy, Turbo, Ainabkoi, Kapseret na Kesses. Kipandio cha tatu ni kaunti yenyewe. Cha nne ni eneo la Bonde la Ufa, ambalo watu wengi husema ndilo gumu kupita yote kwa mbio. Cha tano ni fainali za taifa, na cha sita ni mashindano ya shule za Afrika Mashariki, ambako Kenya hukutana na Uganda, Tanzania, Rwanda na jirani wengine.

Kila muhula una michezo yake. Muhula wa kwanza ni wa riadha, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, magongo na raga. Muhula wa pili ni wa kandanda, mpira wa wavu, mpira wa pete na raga ya wachezaji saba. Kwa hiyo ngazi hupandwa upesi sana: katika majuma machache mtoto asiyejulikana nje ya kijiji chake huweza kusimama mbele ya watu wanaotafuta vijana hodari kutoka pande zote za nchi.

Ngazi ya namna hii si mpya. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na tangu siku hizo vijana walikuwa wakichaguliwa kutoka lokesheni mpaka wilaya, na kutoka wilaya mpaka mkoa. Kwa njia hiyo nchi iliweza kupeleka watu Vancouver mwaka 1954 na Melbourne mwaka 1956, ambako Nyandika Maiyoro alikuwa wa 7 katika mbio za mita 5,000. Miaka 12 baadaye, huko Mexico, Kipchoge Keino alishinda mita 1,500, na tangu hapo dunia haijaacha kuitazama nchi ya Bonde la Ufa. Mabingwa hao walikuwa na miguu mizuri, lakini miguu peke yake haikuwafikisha huko. Palikuwa na mtu aliyewaona, akaandika majina yao, akawapeleka kwenye kipandio kilichofuata.

SIKU TATU ZA MWEZI WA MACHI

Mwaka 2020 muhula wa kwanza ulianza mwezi wa Januari kama desturi. Ulipofika mwezi wa Machi, michezo ya muhula huo ilikuwa imekwisha kuanza, na shule zilikuwa zikitazamia fainali za taifa kabla ya likizo ya Aprili. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya korona yameenea duniani kote. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Kenya. Siku hiyo hiyo Serikali ilisimamisha mikutano ya hadhara pamoja na mambo yote yanayokutanisha shule na shule.

Kwa tangazo hilo shule zenyewe hazikufungwa, na huenda wapo waliodhani kwamba michezo ingeahirishwa kwa majuma mawili au matatu tu. Lakini Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule za kutwa zifungwe siku ya pili yake, na za bweni ziwe zimefungwa kufikia Jumatano ya tarehe 18. Kwa muda wa siku tano tu, tangu Ijumaa mpaka Jumatano, viwanja vikawa vitupu. Mipira ikafungiwa stoo, na wanafunzi wa bweni wakarudi makwao na masanduku yao. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Hapana mtu mwenye busara awezaye kusema kwamba Serikali ilikosea kusimamisha michezo. Siku ya mashindano huleta pamoja watoto wa shule nyingi, ambao husafiri katika mabasi yaliyojaa, hulala katika mabweni ya shule moja na hula katika chumba kimoja. Maradhi yanayoambukizwa kwa pumzi hayangepata mahali pazuri zaidi. Zaidi ya watu 5,600 walihesabiwa kufa kwa korona katika Kenya. Katika nchi ambayo watoto wengi hukaa nyumba moja na babu na bibi, mwanafunzi mmoja aliyerudi kutoka mashindanoni angaliweza kuleta msiba nyumbani.

MASOMO KWA REDIO, MCHEZO KWA NANI?

Mwezi wa Machi na wa Aprili ndiyo miezi ya kupanda mahindi katika Uasin Gishu, na watoto waliorudi nyumbani walikuta kazi ikiwangoja. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, na aliyekuwa na redio nzuri na mzazi mkali aliweza kuendelea kidogo na hesabu zake. Lakini hakuna redio iwezayo kufundisha timu ya mpira wa wavu kupokea mpira na kupokezana.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana baina ya mchezo na mchezo. Mkimbiaji aliweza kuamka alfajiri, saa za katazo zikiisha, akakimbia peke yake katika njia za mashambani. Makambi ya wanariadha yalifungwa na kukimbia kwa makundi kulikatazwa, lakini barabara haikufungwa. Mchezaji wa timu hakuwa na njia hiyo. Msichana aliyekuwa hodari wa kupiga mpira juu ya wavu alihitaji wenzake watano upande wake na sita upande wa pili, tena wavu, mwalimu na uwanja. Alichobakiwa nacho nyumbani kilikuwa ukuta wa ghala.

Hata hivyo mkimbiaji naye alipotewa na kitu kikubwa. Alikimbia, lakini hapakuwa na mtu wa kumtazama. Saa ya mwalimu ilikuwa shuleni, wala hapakuwa na mpinzani wa kumsukuma wala karatasi ya kuandikwa jina. Kijana wa Moiben aliyekuwa amekwisha shinda katika kaunti yake mwezi wa Februari au Machi alibaki na ushindi usioelekea popote, mfano wa mtu aliyepewa hawala na posta ikafungwa.

HESABU YA VIDATO

Mwezi wa Julai, 2020, Waziri wa Elimu, Prof. George Magoha, alitangaza kwamba shule zingefunguliwa Januari, 2021, na kwamba mwaka wa masomo umepotea. Baadaye shauri lilibadilishwa, na tarehe 12 Oktoba, 2020, wanafunzi wa darasa la nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi. Wengine walirudi mwezi wa Januari, 2021. Mihula ikafupishwa ili kulipa wakati uliopotea, na shughuli za nje ya darasa ndizo zilizopunguzwa kwanza. Mwezi wa Machi, 2021, maradhi yalipopanda tena, Serikali ilisimamisha michezo kwa mara nyingine. Fainali za taifa za shule hazikufanyika mwaka 2020 wala 2021.

Msomaji na ashike kalamu ahesabu mwenyewe. Wanafunzi waliokuwa kidato cha nne mwaka 2020 walirudi Oktoba, wakafanya mtihani wa kumaliza Machi na Aprili, 2021, wakatoka shuleni bila msimu wao wa mwisho. Waliokuwa kidato cha tatu walipata hasara kubwa zaidi. Walikuwa na misimu miwili mbele yao, nao waliingia katika mtihani wa Machi, 2022, bila kuona fainali ya taifa hata moja. Waliokuwa kidato cha pili walibakiwa na msimu mmoja tu, wa mwaka 2022, kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka huo. Waliokuwa kidato cha kwanza, watoto waliotoka shule ya msingi juzi, walipata misimu miwili, 2022 na 2023, lakini walianza kushindana wakiwa wakubwa na bila mazoezi.

Mkulima hatashindwa kuelewa jambo hili. Mvua zikichelewa, mtu huweza kungoja, na akikosa mahindi huweza kupanda mbegu ikomaayo upesi. Lakini umri wa mtoto hauna msimu wa pili. Shamba lililokosa kupandwa mwaka 2020 lilipandwa mwaka 2021, na udongo wake haukuwa umezeeka. Kijana wa miaka 18 mwaka 2020 alikuwa na miaka 20 mwaka 2022, na mlango wa michezo ya shule ulikuwa umekwisha fungwa nyuma yake. Ndiyo maana ya mithali isemayo kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Wengine hawakurudi shuleni kabisa. Wapo wavulana waliozoea fedha za vibarua, na wapo wasichana walioolewa au kupata watoto katika miezi ile mirefu. Kwa baadhi yao mchezo ulikuwa ndiyo sababu kubwa ya kupenda shule, na mchezo ulipoondolewa, kamba iliyowafunga na shule ikakatika.

MMOJA ALIPUNGUKIWA, MWENGINE AKAONGEZEWA

Jambo hili halikutokea Moiben wala Kenya peke yake. Michezo ya Olimpiki iliyokuwa ifanywe Tokyo mwaka 2020 ilisogezwa mpaka Julai na Agosti, 2021. Mashindano ya dunia ya riadha kwa vijana wasiozidi miaka 19, yaliyokuwa yafanywe Nairobi mwezi wa Julai, 2020, yalisogezwa mpaka mwezi wa Agosti, 2021. Lakini namna ya kuhesabu umri haikuwa moja, na hapo pana funzo.

Kwa upande wa kandanda ya wanaume katika Olimpiki, wakubwa wa mchezo walikubali kwamba wachezaji waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari, 1997, waendelee kuwa na haki, ingawa mwaka 2021 baadhi yao walikuwa wamepita miaka 23 ya sheria. Walisema kwa vitendo kwamba mwaka uliopotea si kosa la mchezaji. Katika riadha ya vijana umri ulihesabiwa upya kufuata mwaka 2021. Basi kijana aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye angekimbia Nairobi mwaka 2020 mbele ya watu wa nchi yake, aliambiwa kwamba amekuwa mkubwa mno.

Kwa upande wa pili, kucheleweshwa huko kuliwafaa wadogo. Emmanuel Wanyonyi, aliyezaliwa Agosti, 2004, angalikuwa hajatimiza miaka 16 kama mashindano yangefanywa Julai, 2020. Yalipofanywa mwaka 2021 alikuwa na miaka 17, akashinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76, muda ambao hakuna kijana aliyewahi kuupata katika mashindano hayo. Kenya iliongoza nchi zote kwa medali 8 za dhahabu, 1 ya fedha na 7 za shaba. Tarehe 10 Agosti, 2024, huko Paris, Wanyonyi huyo huyo alishinda mita 800 za Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 41.19.

Ushindi wake ni furaha ya nchi nzima, wala hapana wa kumwonea kijicho. Lakini unaonyesha jinsi mashindano ya vijana yanavyokuwa mlango wa mambo makubwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa David Rudisha, aliyeshinda mita 800 za vijana wa dunia huko Beijing mwaka 2006, na miaka 6 baadaye akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London. Mtu akifikiri juu ya hao wawili, hana budi kujiuliza ni wangapi waliozaliwa mwaka 2001 na 2002 ambao majina yao hayatajulikana kamwe, si kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu walifika mlangoni mwaka ambao mlango ulikuwa umefungwa.

MICHEZO INARUDI

Mwezi wa Oktoba, 2021, Serikali iliondoa amri ya kutotoka nje usiku, na mwaka 2022 michezo ya shule ikarudi. Mashindano ya shule za Afrika Mashariki, ambayo yalikuwa yamefanywa Arusha mwaka 2019, yalifanywa tena huko huko Arusha mwezi wa Septemba, 2022. Katika miaka ile mitatu kizazi kizima cha wachezaji kilikuwa kimekwisha toka shuleni.

Timu ya shule hujifunza kwa kurithishana: wa kidato cha nne humwonyesha wa kidato cha pili jinsi ya kusimama, jinsi ya kuitana, na jinsi ya kujizuia wakati mwamuzi anapokosea. Mwaka 2022 wa kurithishwa walikuwapo, lakini wa kurithisha walikuwa wamekwenda. Walimu walilazimika kuanza tena na mambo ya kwanza kabisa, kwa wanafunzi waliokuwa na ndevu.

Hata hivyo furaha ilirudi. Katika nchi ya Wakalenjin, bingwa anaporudi nyumbani hupokewa kwa mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum. Kibuyu hicho huletwa mbele ya watu wote, ili kila mtoto aone kwamba kazi ya miguu ina heshima. Kwa misimu miwili washindi wa shule hawakuwapo wa kunyweshwa mbele ya taifa, na watoto wadogo hawakuwa na wa kumwiga.

MAMBO YAWEZAYO KUFANYWA

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Mei, 2023, kwamba hatari kubwa ya korona imekwisha. Lakini maradhi mengine yaweza kuja, na kama si maradhi, huenda ikawa mafuriko au jambo jingine la kufunga shule. Yaliyotokea yatakuwa na faida ikiwa watu watajiweka tayari.

Jambo la kwanza ni umri. Ikiwa msimu umefutwa kwa amri, kipimo cha umri nacho kisogezwe kwa muda ule ule, kama ilivyofanywa kwa kandanda ya Olimpiki. Haigharimu shilingi hata moja.

Jambo la pili ni daftari. Kila shule iwe na kitabu cha kuandika jina la mwanafunzi, tarehe, mbio aliyokimbia na muda alioupata, kikatiwa sahihi na mwalimu. Michezo ikikatizwa katikati, matokeo yaliyokwisha patikana yasipotee. Kijana mwenye karatasi iliyotiwa sahihi huweza kubisha hodi katika kambi au chuo, lakini mwenye maneno matupu hurudishwa.

Jambo la tatu ni kuanza na vipandio vya chini. Hatari inapopungua, hapana lazima kungoja mpaka mabasi yaweze kwenda mbali. Shule mbili zilizo jirani, ambazo watoto wake huweza kutembeleana kwa miguu, zaweza kukutana katika uwanja wa wazi bila kulala wala kula pamoja. Ushindi mdogo ulioandikwa ni bora kuliko ushindi mkubwa unaongojwa.

Jambo la mwisho ni la wazazi. Kijana aliyekosa msimu wake asiambiwe kwamba maisha yake yamekwisha. Mbio za nyika na mashindano ya wazi ya chama cha riadha hupokea watu wasio wanafunzi, na mkimbiaji wa masafa marefu hukomaa baada ya miaka 20, si kabla. Njia hiyo ni ndefu zaidi, tena haina mwalimu wa kumshika mkono kila jioni, lakini ipo.

Siku hizi viwanja vya Moiben vina watoto tena, na filimbi husikika mchana. Watoto hao walikuwa wadogo mwaka 2020, na baadhi yao hawakumbuki kwamba palikuwa na wakati ambapo kukimbia pamoja kulikuwa kosa. Walio wakubwa kuliko wao wanakumbuka. Wengine wao hupita kando ya uwanja wakiwa juu ya trekta au nyuma ya ng'ombe, husimama kidogo kutazama mbio za mita 1,500, na huhesabu mizunguko kwa vidole mpaka mtu wa mwisho amalize. Kisha huendelea na kazi zao.